Mitego ya Mikunga ya Budj Bim

Mfereji huu wa mawe ya volkano ni kazi ya Wagunditjmara, wenyeji wa kusini-magharibi mwa Victoria, Australia. Sehemu kongwe ya mfumo wake ina umri wa miaka 6,600 hivi. Maji yaliongozwa hadi mabwawani, mikunga wakafugwa humo, kisha wakanaswa kwa migono mirefu iliyosukwa, ikitegwa kwenye matundu ya kuta. Husemwa kwamba wenyeji wa Australia walikuwa wahamaji tu. Lakini mhamaji hachimbi mfereji wa mamia ya mita, wala hajengi nyumba za mawe. Au lava ilijipanga yenyewe? Lava haiachi tundu la kutosha mgono! UNESCO iliuorodhesha urithi huu mwaka 2019. Tafadhali usisogeze jiwe lolote: wenyewe wangali wanautunza.