Mtoto Hapimwi kwa Kipimo cha Mtu Mzima

Mpenzi mwanafunzi, shika kalamu tufanye hesabu moja ndogo. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 15. Zidisha urefu kwa urefu wenyewe, kisha ugawe uzito kwa jawabu hilo: utapata 15. Mtu mzima mwenye 15 huhesabiwa kuwa amekonda mno, kwani kiwango cha chini kwake ni 18.5. Je, mtoto huyu ana utapiamlo? La hasha! Yu karibu na wastani wa wenzake. Ili kuelewa sababu, yafaa tuijue historia ya hesabu hii.

Mwasisi wake, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, hakuwa tabibu, bali mtaalamu wa hisabati na elimu ya nyota. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alimchunguza mtu wa wastani, akaona kuwa uzito wa watu wazima huongezeka kwa kadiri ya kipeo cha pili cha urefu wao. Aliona pia kuwa watoto wanaokua hawaifuati kanuni hiyo. Mwaka 1972, Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliipa hesabu hiyo jina linalotumika hadi leo, baada ya kuchunguza vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000. Watoto hawakuwamo.

Mwili wa mtoto una mwendo wake. Uwiano wa uzito na urefu hupanda katika miezi ya mwanzo, hushuka polepole hadi miaka mitano au sita, kisha hupanda tena. Kwa hiyo namba ya mtoto hulinganishwa na ya watoto wa umri na jinsia yake.

Ulinganisho huo ulihitaji kipimo cha haki. Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani liliwapima watoto wapatao 8,500 wa Brazili, Ghana, India, Marekani, Norwe na Omani, walionyonyeshwa na kulelewa katika mazingira mazuri. Ikadhihirika kuwa watoto wa nchi hizo zote hukua kwa namna inayokaribiana sana. Viwango vilivyotokana na kazi hiyo vilitangazwa mwaka 2006. Wahenga walikwisha kusema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi, ndugu msomaji, usimwite mdogo wako kimbaumbau wala tipwatipwa kwa kumtazama tu. Apimwe kliniki, na mstari wa ukuaji wake ufuatwe mwezi hadi mwezi. Na ukiona watoto wa kijiji kizima wamedumaa, usisingizie kabila lao. Uliza habari za chakula, maji safi na zahanati, kwa maana hayo ndiyo raia anayoweza kuyadai.