Hekalu la Makindu: jamii ikihama, funguo hubaki kwa nani?

Anayesafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi anaijua Makindu. Ukishapita Mtito Andei na Kibwezi, unaingia mji huu mdogo wa kaunti ya Makueni, kama kilomita 170 kabla ya Nairobi. Hapo kuna hekalu la Makalasinga. Wengi wetu tumewahi kushuka, tukavua viatu, tukafunika kichwa, tukala chapati na dengu, tukanywa chai na kuendelea na safari bila kudaiwa hata shilingi.

Wanaojua hekalu hilo lilifikaje pale ni wachache. Na wachache zaidi hujiuliza kwa nini lingali wazi, ilhali familia nyingi zilizolianzisha ziliondoka Makindu zamani. Makala haya yanaeleza historia yake, namna linavyoendeshwa, na jinsi jamii nyingine ndogo za Afrika Mashariki, hasa Wayahudi, zilivyokabili swali hilo hilo: watu wakihama, urithi wao hubaki na nani?

Njia kabla ya reli

Njia ya pwani na Ukambani haikuanza na garimoshi. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa pembe za ndovu, na misafara yao ilishuka hadi Rabai na Mombasa. Chifu Kivoi wa Kitui ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na ni kutoka Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya mwezi Desemba mwaka huo. Waswahili nao walipanda bara na bidhaa zao, na mpaka leo Kitui mjini wapo Waislamu ambao asili yao ni misafara ile.

Reli ilibadili njia. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Viktoria mwaka 1901. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na simba wa Tsavo. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mikataba ilipokwisha, lakini maelfu walikaa. Miongoni mwao walikuwa Makalasinga, yaani wafuasi wa dini ya Sikh iliyoanzishwa Punjab na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Walikuwa maseremala, wahunzi, waashi na mafundi wa mitambo.

Hekalu la mwaka 1926

Makindu ilikuwa kituo muhimu cha reli, na wafanyakazi waliishi pale na familia zao. Wanaolitunza hekalu husimulia kwamba kabla ya kuwapo jengo lolote, wafanyakazi walikutana jioni chini ya mti kumsifu Mungu, na kwamba Makalasinga, Wahindu na Waislamu walikaa pamoja. Hekalu lilijengwa mwaka 1926.

Baadaye kazi za reli zilipungua Makindu. Mafundi walihamishiwa vituo vingine, familia zikawafuata, na hekalu likabaki karibu bila waumini. Hapo ndipo majengo mengi ya namna hii hufa. Paa huvuja, hati hupotea, kiwanja kikaonekana hakina mwenyewe.

Lililoliokoa hekalu la Makindu ni barabara. Makalasinga waliosafiri kati ya Nairobi na Mombasa walianza kusimama pale, wakalikarabati, wakaongeza vyumba vya kulala wageni, na jiko likawashwa tena. Hekalu lililojengwa kwa ajili ya wakazi likageuka kuwa hekalu la wasafiri.

Jiko la wote

Moyo wa hekalu la Sikh ni jiko linaloitwa langar. Ni desturi tangu zama za Guru Nanak: kila anayeingia hulishwa, tajiri na maskini hukaa mahali pamoja, na haulizwi dini wala kabila. Nyama haipikwi. Tumbaku na pombe haziruhusiwi kuingia. Mgeni huvua viatu na kufunika kichwa, na kama hana kitambaa hupewa. Malipo hayadaiwi, mwenye nafasi huweka sadaka yake, asiye nayo huondoka na heshima yake.

Kwa sababu hiyo, watu wa Makueni hawalioni hekalu kama jumba la wageni. Madereva wa malori, familia zilizoharibikiwa na gari usiku, wanafunzi na watalii wote wamekula pale. Wenyeji wa Makindu wamepata kazi ndani yake, na jirani anayekula kwako hawezi kukuona mgeni milele. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa ni jamii iliyokuja kama mgeni ndiyo imekuwa mwenyeji wa kila apitaye.

Waliokwenda mbali

Baada ya Uhuru, Wahindi na Makalasinga wengi wa Kenya walihamia Uingereza, hasa mwaka 1968, kabla Uingereza haijafunga mlango kwa sheria mpya ya uhamiaji. Wa Uganda walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Baadaye wengine walikwenda Kanada na Marekani. Lakini kuondoka hakukuwa kukata kamba. Familia hizo hurudi kuzuru Makindu, huleta watoto waone babu zao walifanya kazi wapi, na huchangia jiko na ukarabati.

Mfano wa karibu uko Kericho. Baba Puran Singh, aliyekuwa na karakana mjini humo, alihamia Uingereza, na wafuasi wake wa Birmingham wamejenga hekalu kubwa Kericho kwa kumbukumbu yake. Fedha zilitoka mbali, lakini mlango uko kwetu.

Wayahudi wa Nairobi na Mbale

Makalasinga si peke yao. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa viongozi wa Wayahudi wa Ulaya wazo la makazi Uasin Gishu. Wajumbe walikuja kuikagua nchi, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ulikataa. Hata hivyo, Wayahudi wachache walikuwa wameshafika Kenya kwa hiari yao. Jumuiya ya Nairobi ilianza mwaka 1904, ikafungua sinagogi lake la kwanza mwaka 1913, na sinagogi la sasa likafuata mwaka 1955. Mwaka huo huo Myahudi, Israel Somen, alikuwa meya wa Nairobi. Familia nyingi zimeshahama, lakini sinagogi bado lipo katikati ya jiji.

Mashariki mwa Uganda, karibu na Mbale, kuna Abayudaya. Hawa si wahamiaji. Ni Waganda walioingia dini ya Kiyahudi kwa kumfuata Semei Kakungulu mwaka 1919. Amin alipiga marufuku ibada yao, wengi wakaiacha, na waliobaki walisali kwa siri hadi alipoanguka mwaka 1979. Waliposimama tena, Wayahudi wa Marekani na Israeli waliwaunga mkono. Mwaka 2002 marabi walikuja kukamilisha taratibu za kuwatambua, mwaka 2008 Gershom Sizomu akahitimu urabi huko Los Angeles, na mwaka 2016 sinagogi jipya likafunguliwa Nabugoye.

Linalofanana na Makindu ni hili: msaada uliotoka nje haukuishia kwenye jengo la ibada. Shule za Abayudaya zinasomesha watoto Waislamu na Wakristo pia, na zahanati yao Mbale inatibu kila mtu. Jirani ana sababu ya kutaka jamii ile iendelee kuwapo.

Yanayoliweka hekalu hai

Ukiziweka habari hizi pamoja, mambo matatu yanajirudia. La kwanza, waliohama hawakusahau. Walituma fedha na walikuja wenyewe. La pili, palikuwa na wadhamini wanaojulikana, kwa hiyo mchango ulijua pa kwenda na kiwanja kilikuwa na mwenyewe kisheria. La tatu, mlango ulifunguliwa kwa majirani, hivyo urithi wa wachache ukawa faida ya wengi. Likikosekana mojawapo, mawili yaliyobaki huchoka.

Sisi wa pwani tunalijua jambo hili kwa jina la wakfu. Wazee wetu waliweka misikiti, visima, nyumba na mashamba kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na wapita njia, hapa Mvita na hata bara walikofika. Wajukuu wao leo wako Muscat, Dubai, London na Toronto. Wapo wanaotuma fedha kila Ramadhani, lakini ni wangapi wanaojua hati ya wakfu wa babu yao iko wapi, nani ni mdhamini, na kama kisima kile bado kinatoa maji?

Siku nyingine basi likisimama Makindu, kula chakula, weka sadaka kama unayo, na umshukuru aliyekupakulia. Kisha, kabla hujafika Nairobi, mpigie simu mzee mmoja wa ukoo wenu umuulize kuhusu hati hiyo. Yeye akiondoka bila kuulizwa, hakuna wa Toronto wala wa Muscat atakayejua pa kuanzia.