Herufi G na Kistari Chake

Andika C kubwa, kisha uiongezee kistari kifupi kwenye ncha yake ya chini. Umepata G. Warumi nao waliipata hivyo hivyo, katika karne ya 3 kabla ya Kristo.

Asili yake ya mbali ni gimel ya Wafoinike, ambayo Wagiriki waliiita gama na kuitumia kwa sauti /g/. Tatizo lilianzia Italia. Waetruski, ambao Warumi walipokea alfabeti kupitia kwao, hawakuwa na sauti hiyo katika lugha yao, hivyo wakaifanya herufi ile kuwa ya /k/. Kilatini kilikuwa na sauti zote mbili; C moja ikabebeshwa kazi ya mbili, na msomaji akaachwa akisie. Mwandishi Plutarch anamtaja Spurius Carvilius, mtumwa aliyeachwa huru, kuwa ndiye aliyebuni G. Ninafurahi (huu ni upendeleo wa kikazi) kwamba mtu huyo huyo anatajwa kuwa wa kwanza kufungua shule ya kulipia ada mjini Roma. G ikapewa nafasi ya 7, iliyokuwa ya Z. Z iliporudishwa baadaye, ilikuta nafasi yake imekaliwa, ikapelekwa mwisho, ilipo hadi leo.

Usidhani shida hii ilikuwa ya Warumi peke yao. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa, na Kiarabu sanifu hakina herufi ya /g/. Waajemi, waliokutana na upungufu huo huo, waliongeza kistari juu ya kafu wakapata gafu: hila ile ile ya Carvilius! Waandishi wengi wa pwani yetu, hata hivyo, walitumia ghaini, na hiyo moja iliweza kusimama badala ya g, gh, ng na hata ng'. Hivyo goma na ngoma ziliweza kuandikwa sawa, na utenzi ukamhitaji msomaji anayeujua tayari.

Hati za Kilatini zilituletea G iliyo kamili, lakini hazikuwa na herufi kwa sauti inayoanza neno ng'ombe. Ndipo ritifaa ikaongezwa. Wanafunzi wengi huiacha wakidhani ni pambo. Andika ngoa, umetaja wivu. Andika ng'oa, umeamuru mti utolewe na mizizi yake.