Hakimu wa Nchi ya Kigeni: Kesi za Pinochet na Habré na Ushuhuda wa Kanisa juu ya Utesaji

Utangulizi

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake mjini Arusha, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa tarehe 15 Desemba 2009. Raia mmoja wa Chad aliyekuwa akiishi Uswisi aliiomba Mahakama hiyo iizuie Senegal isimshtaki Hissène Habré, aliyekuwa Rais wa Chad, kwa makosa ya utesaji. Mahakama iliona kwamba haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza ombi hilo, kwa kuwa Senegal ilikuwa haijatoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi kuishtaki mbele yake. Shauri likafungwa. Hata hivyo swali lililokuwa nyuma yake halikufungwa: je, ni halali mahakama ya nchi moja kumhukumu mtawala wa nchi nyingine kwa sababu ya kuwatesa raia wa nchi yake mwenyewe?

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia, tukizitazama kesi mbili: ile ya Augusto Pinochet wa Chile, na ile ya Habré mwenyewe. Tunalileta mbele ya wachungaji na wanafunzi wa theolojia kwa sababu katika kesi ya kwanza askofu wa Kilutheri alisimama karibu na chanzo chake, na kanisa lake likapasuka. Aidha, wengi wetu tumezoea kusema kwamba mambo ya mahakama ni ya utawala wa kidunia, na kwamba Kanisa halina neno la kusema juu yake. Tutaona kwamba bila kazi ya watu wa Kanisa na ya wafungwa wanyonge, mahakimu wa mbali wasingalikuwa na kesi ya kusikiliza.

Askofu mbele ya mtawala

Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi ya Chile yaliipindua serikali ya Rais Salvador Allende, na Jenerali Pinochet akashika madaraka. Maelfu ya watu walikamatwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo makanisa mbalimbali, pamoja na jumuiya ya Wayahudi, yaliunda Kamati ya Ushirikiano kwa ajili ya Amani. Wenyeviti wake wawili walikuwa Askofu Mkatoliki Fernando Ariztía na Askofu wa Kilutheri Helmut Frenz, Mjerumani ambaye alikuwa akitumika Chile tangu miaka ya 1960. Kamati ilizipokea familia za waliokamatwa, ikaandika majina, tarehe na mahali, kisha ikapeleka maombi mahakamani ili wafungwa waletwe mbele ya hakimu. Karibu maombi yote yalikataliwa.

Mwaka 1974 maaskofu hao wawili walikwenda kwa Pinochet wakiwa na kumbukumbu za waliopotea na kuteswa. Miongoni mwao alikuwamo padre Mhispania, Antonio Llidó, aliyekamatwa mwezi wa Oktoba mwaka huo, ambaye hajaonekana tena hata leo. Kwa ushuhuda alioutoa Frenz baadaye, mtawala hakuyakana mateso hayo, bali aliyatetea kuwa ni njia ya lazima katika vita dhidi ya Ukomunisti.

Mwaka 1975 Frenz alikuwa safarini nje ya nchi, naye akazuiwa asirudi Chile. Kabla ya mwaka huo kwisha Kamati ilivunjwa kwa amri ya Pinochet. Kadinali Raúl Silva Henríquez aliiendeleza kazi hiyo chini ya dayosisi yake kuanzia Januari 1976, na kumbukumbu zikahifadhiwa. Lakini Walutheri wa Chile hawakusimama wote pamoja na askofu wao. Sharika nyingi zenye asili ya Kijerumani ziliona kwamba ameingia katika siasa, nazo zikajitenga mwaka huohuo na kuunda kanisa lingine. Hatupaswi kulipita jambo hili haraka. Waliojitenga walikuwa Wakristo waliosoma Katekisimu ileile tunayoisoma sisi, na bila shaka walikuwa wakiijua Warumi 13.

Kukamatwa London

Tarehe 10 Desemba 1984 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupitisha Mkataba dhidi ya Utesaji, nao ukaanza kutumika tarehe 26 Juni 1987. Mkataba huo unaeleza kwamba utesaji ni maumivu makali anayotiwa mtu kwa makusudi na mwenye cheo cha serikali, au kwa idhini yake. Tena unaiagiza kila nchi iliyoukubali kwamba, mtuhumiwa wa utesaji akionekana katika ardhi yake, imshtaki yenyewe au imkabidhi kwa nchi nyingine itakayomshtaki. Chile na Uingereza ziliuridhia Mkataba huo mwaka 1988, Pinochet akiwa bado madarakani.

Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1998 Pinochet alikamatwa London, alikokwenda kwa matibabu. Hati ya kumkamata ilitoka kwa hakimu wa Hispania, Baltasar Garzón. Mawakili wake walisema kwamba aliyekuwa mkuu wa nchi ana kinga kwa mambo yote aliyoyatenda kwa cheo chake. Tarehe 24 Machi 1999 majaji sita kati ya saba wa Baraza la Malodi waliikataa hoja hiyo. Kiini cha shauri kilikuwa hiki: ikiwa utesaji kwa maana ya Mkataba ni kosa la mwenye cheo, basi cheo hichohicho hakiwezi kuwa ngao ya kulikinga kosa. Hata hivyo makosa mengi yaliondolewa katika mashtaka, kwa kuwa yalitendeka kabla sheria ya Uingereza haijaanza kuyahesabu kuwa makosa iwapo yalitendwa nje ya nchi hiyo.

Pinochet hakupelekwa Hispania. Tarehe 2 Machi 2000, baada ya siku 503, serikali ya Uingereza ilimwachilia kwa sababu ya afya yake, naye akarudi Chile. Wako waliosema kwamba kazi yote ilikuwa bure. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huohuo Mahakama Kuu Kabisa ya Chile ilimvua kinga yake, jambo ambalo miaka miwili kabla yake wachache tu wangaliliwaza. Mwaka 2004 tume iliyoundwa na serikali ya Chile iliwatambua watu zaidi ya 27,000 waliofungwa na kuteswa. Pinochet alifariki tarehe 10 Desemba 2006 kabla ya kuhukumiwa. Mlango uliobishwa London ulifunguka Santiago, ingawa ulifunguka kwa kuchelewa.

Mhasibu wa N'Djamena

Habré alishika madaraka nchini Chad mwaka 1982. Ufaransa na Marekani zilimsaidia kwa silaha na fedha, kwa kuwa alipigana na Libya. Polisi wake wa siasa walikuwa na magereza kadhaa mjini N'Djamena, na moja kati ya hayo lilikuwa bwawa la kuogelea la zamani lililofunikwa kwa zege na kugawanywa kuwa vyumba vya wafungwa. Alipopinduliwa mwezi wa Desemba 1990 alikimbilia Senegal. Tume ya uchunguzi ya Chad ilikadiria mwaka 1992 kwamba watu 40,000 walikuwa wameuawa katika utawala wake.

Miongoni mwa wafungwa waliotoka hai alikuwamo Souleymane Guengueng, mhasibu wa Tume ya Bonde la Ziwa Chad. Gerezani aliwaona wenzake wakifa mmoja baada ya mwingine, naye akaweka nadhiri kwamba Mungu akimtoa salama atawatafutia haki. Alipotoka aliwashawishi wenzake waseme, na pamoja nao akakusanya shuhuda 792. Kwa kuwa watumishi wengi wa Habré walibaki kazini chini ya serikali mpya, alizificha karatasi hizo kwa miaka mingi.

Habari za Pinochet ziliwapa watu hao ujasiri. Mwezi wa Januari 2000 walikwenda Dakar na kumshtaki Habré. Hakimu alimfungulia mashtaka mwezi wa Februari, lakini mahakama za juu zikaamua kwamba Senegal haikuwa na mamlaka. Wakaenda Ubelgiji, ambako hati ya kumkamata ilitolewa mwaka 2005. Mwaka 2006 Umoja wa Afrika uliiagiza Senegal imshtaki kwa niaba ya Afrika, na bado mambo yakasuasua. Tarehe 20 Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliamua kwamba Senegal lazima imshtaki bila kuchelewa zaidi au imkabidhi. Ndipo Senegal na Umoja wa Afrika walipounda mahakama maalumu ndani ya mahakama za Senegal, yenye majaji walioteuliwa na Umoja huo. Kesi ilianza tarehe 20 Julai 2015 chini ya Jaji Gberdao Gustave Kam wa Burkina Faso. Mashahidi zaidi ya 90 walisikilizwa, Guengueng akiwa mmoja wao. Tarehe 30 Mei 2016 Habré alihukumiwa kifungo cha maisha, na rufani ikaithibitisha adhabu hiyo mwaka 2017. Alifariki mwaka 2021 akiwa bado anakitumikia kifungo hicho, na fidia iliyoamriwa kwa waathirika ilikuwa haijalipwa.

Hoja za wapingaji

Wanaopinga kesi za namna hii wana hoja nzito, nasi hatuna budi kuzipima kwa uaminifu. Ya kwanza ni hoja ya uhuru wa taifa. Afrika ilihukumiwa kwa muda mrefu na mahakimu waliotoka ng'ambo, na jeraha hilo halijapona. Mwaka 2000 hakimu wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Kongo. Kongo ilishtaki, na tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ya The Hague iliamua kwamba waziri wa namna hiyo, awapo madarakani, ana kinga mbele ya mahakama za nchi nyingine. Ni nani asiyeona uchungu wa jambo hili, Ubelgiji iliyoitawala Kongo kuamuru waziri wa Kongo akamatwe?

Hoja ya pili ni upendeleo. Sheria hiyohiyo ya Ubelgiji ilipoanza kutumiwa kuwashtaki viongozi wa Marekani, serikali ya Marekani ilitishia mwaka 2003 kwamba makao makuu ya NATO yangeweza kuondolewa Brussels. Ubelgiji iliibadilisha sheria yake mwaka huohuo. Wakubwa wa Ufaransa na Marekani waliompa Habré silaha hawakufikishwa mahakamani popote. Sheria inayomnasa mnyonge na kumwacha mwenye nguvu apite ina kasoro kubwa.

Hata hivyo tunaona kwamba hoja hizi zinatutaka tuitengeneze njia, si kuifunga. Ukosefu wa haki kwa waliotendwa na wenye nguvu haumwondolei haki mjane wa N'Djamena. Tena wadai wa kwanza katika kesi ya Habré hawakuwa Wazungu, bali Wachad wenyewe, na hukumu ilitolewa na Waafrika katika ardhi ya Afrika. Uhuru wa taifa ni mali ya watu wake. Hauwezi kugeuzwa kuwa ukuta wa kumlinda mtawala aliyewatesa watu hao. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba hakimu wa nchi ya kigeni aingie pale tu ambapo mlango wa nyumbani umefungwa, aingie kwa kuitwa na waathirika wenyewe, na awe tayari kuondoka mlango huo ukifunguliwa.

Fundisho kwa Kanisa

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linakiri kwamba mamlaka ya kidunia ni kazi njema ya Mungu, na papo hapo linaweka mpaka: Wakristo hawapaswi kuitii inapoamuru dhambi. Mamlaka katika Warumi 13 imepewa upanga ili kuwaadhibu watenda mabaya. Basi mamlaka inayomtesa mfungwa aliyefungwa mikono imeutumia upanga huo kinyume cha agizo lake. Tukumbuke pia Matendo 22, pale Paulo alipokuwa amekwisha kufungwa kwa kamba ili ahojiwe kwa mijeledi. Hakusema kwamba mateso ni sehemu ya utii wake kwa Rumi, bali alimwuliza akida kama jambo hilo ni halali.

Tena upo mfano wa Bwana wetu katika Luka 18 juu ya mjane na kadhi dhalimu. Mjane yule hakuwa na nguvu nyingine ila kurudi kila mara na shauri lake. Waathirika wa Chad walirudi kwa miaka 15, kutoka Dakar hadi Ubelgiji na tena Dakar. Walichokuwa nacho mkononi ni karatasi zilizoandikwa vema.

Hitimisho

Tumeona kwamba mahakama za nchi za kigeni zina uhalali wa kuwashtaki watesaji, lakini uhalali huo una mipaka na una hatari zake. Tumeona pia kwamba kesi hazikuanza London wala The Hague. Zilianza katika ofisi ya Kamati mjini Santiago, mahali mama alipolitaja jina la mwanawe na mtu akaliandika. Na katika nyumba ya mhasibu aliyeficha karatasi.

Wachungaji wanapokea siri na machozi ya watu kila juma. Je, mtu akija usiku na kusema kwamba nduguye amechukuliwa, tutamwombea tu na kumwambia aende kwa amani? Au tutaandika jina, tarehe na mahali, na kuitunza karatasi hiyo hata ikiwa sharika zetu wenyewe zitatuuliza kwa nini tumeingia katika siasa? Askofu Frenz aliulizwa swali hilo na watu wake, akapoteza kanisa na nchi aliyoitumikia. Aliishi kuiona siku Pinochet alipokamatwa, naye alifariki mwaka 2011. Damu ya Habili ililia kutoka katika ardhi, na Mungu aliisikia kabla hapajawa na mahakama yoyote. Kazi tuliyopewa sisi ni kutowaziba watu masikio wasiisikie.