Shinkolobwe: Mawe ya Katanga Ndani ya Bomu

Mabomu ya kwanza ya atomiki yalibuniwa na kuundwa Los Alamos, New Mexico. Sehemu kubwa ya urani yake, hata hivyo, ilitoka Katanga, kwa Wakongo wanaozungumza Kiswahili.

Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Mawe yake bora yalibeba oksidi ya urani kwa takriban asilimia 65. Kwingineko, hata asilimia 1 ilikuwa nyingi. Vibarua Wakongo waliyachambua kwa mikono.

Mwaka 1940 bosi wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi ghala la Staten Island, New York. Septemba 1942 jeshi la Marekani likanunua shehena hiyo. Urani ikarutubishwa Oak Ridge, Tennessee.

Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima iliteketezwa kwa bomu la urani.