Unasibishaji wa anwani za kiini

Unasibishaji wa anwani za kiini ni kinga ya mfumo endeshi inayokipa kiini cha mfumo huo makazi mapya katika kumbukumbu kila kompyuta inapowashwa. Mdukuzi aliyegundua kosa katika msimbo bado huhitaji kujua shabaha yake iko wapi. Anwani ikiwa ile ile kwenye kila mashine, kazi yake huwa nyepesi mno.

Kwenye Linux, kinga hii iliingia na toleo la 3.14, mwaka 2014, kwa kazi ya mtayarishaji programu Kees Cook. Msimbo wa awali wa kuwashia hukusanya unasibu kutoka agizo la RDRAND la prosesa, likiwapo, na kutoka saa za mashine. Kisha huchagua nafasi, hukifungulia hapo kiini kilichobanwa, na kurekebisha anwani zilizoandikwa ndani yake. Kwa prosesa za x86 za biti 64, eneo la GiB 1 linalogawanywa kwa hatua za MiB 2 halitoi zaidi ya nafasi 512. Ni chache. Tena kiini husogea kizima, hivyo anwani moja ikivuja, nyingine hukokotolewa kwa urahisi. Kuzuia uvujaji huo ni muhimu sawa na kinga yenyewe. Watatuzi wa hitilafu huizima kwa kuongeza neno nokaslr kwenye vigezo vya kuwashia.