Nyimbo za Upare na Darasa Lililofungwa

Wengi wanaijua Same ya barabarani tu. Basi la kwenda Moshi linasimama kidogo, abiria wananunua cha kutafuna, safari inaendelea. Ni mji wa reli na ofisi, uliokua pale tambarare kwa kuwa wakoloni waliweka hapo makao ya Wilaya ya Pare. Wapare wenyewe asili yao ni huko juu, kwenye safu inayomwandama msafiri mkono wa kulia: Chome, Suji, Mbaga, Mamba na Gonja upande wa kusini, kwenye kilele cha Shengena chenye mita 2,462, na Usangi na Ugweno upande wa kaskazini, ambako leo ni Wilaya ya Mwanga. Na ukiuliza huko juu nani aliwafundisha vijana kuimba, utaelekezwa msituni.

Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hiyo hiyo, alikusanya masimulizi ya wazee wa koo na mwaka 1969 akachapisha historia ya kisiasa ya Wapare kuanzia karne ya 16. Anaeleza jinsi Ugweno ilivyokuwa chini ya Washana, ukoo wa wahunzi, mpaka Wasuya walipowapindua. Angovi ndiye anayetajwa kuongoza mapinduzi, na mwanawe Mranga ndiye aliyeipanga nchi upya, yakiwemo mabaraza na jando. Mtawala mpya alijua la kufanya: ukitaka nchi ikutii, shika mahali vijana wanapofundwa. Mafunzo hayo yakawa shughuli ya nchi nzima, si ya kila ukoo kivyake.

Darasa lenyewe liliitwa mshitu, nao ulikuwa msitu kweli, ukilindwa usikatwe mti. Vijana walikaa humo kwa miezi, chini ya wazee. Walifundwa adabu, wajibu wa mume, heshima kwa wakubwa na siri ambazo asiyepitia hakuruhusiwa kuzisikia. Hapakuwa na madaftari. Fundisho lilifumbwa katika wimbo, wimbo ukarudiwa mpaka ukakaa, na maana yake ikafumbuliwa kijana alipokuwa tayari. Mzee aliyeongoza hakuwa mwalimu wa muziki. Alikuwa akifundisha sheria na maisha, na wimbo ndio uliobeba mzigo.

Kisha zikaja shule nyingine. Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walifika Usangi mwaka 1900 na baadaye wakajenga Mbaga. Waadventista wa Kijerumani walianza Giti, karibu na Mamba, mwaka 1903. Mmoja wao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, mwaka 1909. Misheni ilileta kwaya na tenzi, Waislamu wa Usangi na Ugweno wakawa na madrasa na kaswida zao. Wamisionari wengi waliuona mshitu kuwa ushenzi, na mtoto wa Mkristo akaambiwa achague. Mimi siwezi kuilaumu kwaya: iliwapa Wapare kusoma, na kusoma kukawapa walimu na makarani waliojaa Tanganyika nzima. Ila darasa la msituni lilipofungwa, nyimbo zake zilibaki bila kazi ya kufanya.

Hata hivyo mlima haukusahau kukutana. Mapema mwaka 1945 maelfu ya wanaume walishuka Same kupinga mbiru, kodi iliyompima kila mtu kwa mali yake, wakapiga kambi hapo kwa miezi. Paulo Mashambo wa Mamba alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi waliwakabili wakubwa wa serikali wakawaambia kwamba, kwa kuwa wamewazuilia waume zao huko Same, basi wakubwa hao ndio wawape mimba. Kodi hiyo ikafutwa. Watu wa namna hiyo walikuwa wamezoea kukusanyika kwa wito mmoja.

Wito huo bado upo, unaitwa msaragambo. Ndiva, lile bwawa la kienyeji linalokinga maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji, hujaa tope na lazima lizolewe. Watu hutoka na majembe na karai, na asiyetokea bila sababu hutozwa faini. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na jembe linashuka kwenye kiitikio. Kijana asiyeujua wimbo atapiga jembe kando ya wenzake na kuchoka kabla yao. Hapo hahitaji kuambiwa thamani ya utamaduni.

Ndiyo maana nina mashaka kidogo na ngoma za kuwachezea wageni, ingawa utalii wa kitamaduni ulioanzishwa Usangi na Mbaga miaka ya 1990 umewapa baadhi ya vijana sababu ya kujifunza. Ngoma inayochezwa kwa dakika 20 mbele ya kamera hubakiza hatua na mavazi, mafumbo yakapotea. Wenzetu wa milima ya Appalachia huko Marekani walijaribu njia nyingine. Mwaka 2000 Helen White, mshauri wa wanafunzi katika mji wa Sparta, North Carolina, alianzisha mafunzo baada ya saa za masomo, watoto wakifundishwa fidla na banjo na wapigaji wa hapo hapo. Mpango huo ukaenea katika majimbo ya jirani, kwa kuwa uliwaingiza wazee shuleni badala ya kungoja watoto wawatafute.

Walimu wa Same na Mwanga wanaweza kufanya zaidi ya hapo, kwani wao wana ndiva. Siku ya msaragambo wawapeleke wanafunzi wa darasa la sita na la saba wakazoe tope pamoja na babu zao, na anayejua kuanzisha aombwe aanzishe. Nawe msomaji mwenye kwenu Gonja au Usangi, ukipanda mlimani Desemba hii, usiishie kumrekodi bibi kwa simu. Mwambie akufundishe, uimbe naye mpaka akurekebishe.